Nukta Si Hasira

Mume wangu mdogo Festo, marahaba.

Huku Bombambili tu wazima. Babu yako mpya, Kasian, ananichemshia chai kabla sijaamka, nami najiona binti tena.

Unauliza kama nimekukasirikia, kwa kuwa kwenye ujumbe wa simu niliandika "Sawa" nikaweka nukta. Nimechanganyikiwa, kwani shuleni sentensi iliishia hapo. Lakini tukiwa sekondari, Kasian huyuhuyu aliniandikia barua iliyojaa alama za mshangao. Nilidhani ananifokea, nikanyamaza, kila mmoja akafunga ndoa kwingine hadi ujane ulipotukutanisha.

Juzi nikamuuliza, "Ulikuwa unanigombeza?"

"Nilikuwa naogopa utakataa, mke wangu."

Alama hizi sizielewi hadi leo. Heri wewe umeuliza. Sijakasirika, mpenzi. Njoo Krismasi umwone anavyonitazama.

Bibi yako