Kipandio cha Waitara

Tabitha, ule uvumi wa sokoni ulininyima usingizi, eti mwanangu Waitara anapanda trekta kwa ngazi kama bibi harusi.

Ngazi gani? Ni kipandio nilichomwomba fundi achomelee, kwa sababu ya goti aliloumia mgodini!

Leo wenzake wa rika wamemcheka shambani. "Wewe kweli ulitahiriwa?" Waitara akachukua msumeno wa chuma akakikata kile kipandio. Amekikata, Tabitha!

Kushuka akaruka, injini inanguruma. Buti la tope likanasa kwenye gia, trekta ikasogea, tairi la nyuma likampanda mguu.

Mguu madaktari wanaukata kesho.

Unajua wenzake hao walisemaje wakimbeba? "Sasa ngazi utaihitaji kweli." Wamembeba huku wanacheka!

Mwanao Marwa naye ana trekta. Mwambie:
asiruke
asishuke injini ikiwaka
asipande na buti la tope
kipandio chake asikikate
wenzake wa rika asiwasikilize.