Alama ya dole gumba la mjomba

Usinipigie, soma tu.

Unalikumbuka gari la mjomba? Lile la mashindano alilolijenga kwa nyundo yake miaka minne, halafu akapotea nalo? Liko HAPA kazini, kwenye mnada wetu wa magari! Wamebandika karatasi: "La pekee duniani. Aliyelitengeneza hajulikani."

Hajulikani! Nimeingia chini kulisafisha, nikaona alama ya dole gumba kwenye puti, ile ya kuzibia mabonde ya bati kabla ya rangi. Dole lililokatika ncha. Si unajua katika kila kazi alikuwa akilibonyeza kwenye puti ikiwa bado mbichi?

Na mimi na mdomo wangu huu, nikaropoka: "Hii ni kazi ya mjomba wangu!"

Kumbe muuzaji, yule aliyelileta gari mnadani, amesimama palepale. Hakukasirika. Akachuchumaa, akanitazama, akasema taratibu, "Mjomba wako? Mbona aliniapia hana ndugu?"

Hana ndugu! Mjomba aliyetulea!

Alikuwa anatuficha asitupate huyu mtu, na mimi nimetufichua.

Nimejifungia stoo ya rangi. Namsikia anamuuliza bosi, kwa upole kabisa, ninakaa wapi.

Bosi anamwelekeza.

Mama yuko nyumbani peke yake. Wewe ndiye uko karibu. Kimbia ukamtoe.