Masikio ya Fundi Cherehani

Jumamosi, 1 Juni 1912
Baridi. Suruali tatu za askari tangu asubuhi, ya nne nimekata tu. Bendi ya boma la Wajerumani hapa Arusha imefanya mazoezi mchana kutwa. Ngoma kubwa nzuri. Tarumbeta la mwisho kwenye safu linalia kama ng'ombe aliyefungwa vibaya. Nimelivumilia. Mhindi wa duka la jirani naye amefungulia santuri yake, ile ya mwanamke mwenye sauti nyembamba. Sielewi neno hata moja, na bado sauti ile inanishika kifuani.
Nasieku, mke wangu, anasema mwanamke yule anaumwa jino.

Jumatatu, 3 Juni
Nasieku kutwa akimwimbia Salima. Binti yetu ana miezi minane na anatambaa kila pahali. Nyimbo ni za kwao Sekei, za Kiarusha, hazina ngoma. Sauti inatoka chini kabisa kooni, inanguruma, inazunguka, inarudi palepale. Mimi mtu wa Pangani. Kwetu hata anayepepeta mchele ana mdundo. Nimemwambia, "Mama Salima, wimbo bila ngoma ni mchuzi bila chumvi." Akanijibu bila kugeuka, "Baba Salima, ngoma wanapiga watu wasio na koo." Nimecheka mpaka mshono ukaenda upande. Nampenda mwanamke huyu. Nyimbo zake siziwezi.

Jumapili, 9 Juni
Tulipanda Sekei kumpa shikamoo baba mkwe. Njiani kuna kanisa la misheni. Mimi Mwislamu, nimesimama nje ya ua kama mwizi wa kuku, nikisikiliza. Tuni ya Kijerumani ni nzito, inapanda polepole, inapumzika, inapanda tena. Lakini wanawake wa Kimeru wanatia kitu ndani yake ambacho hakuna mzungu aliyekiandika. Mwishoni sauti zote zilipokutana, nilisahau kwamba tumechelewa. Nasieku akanivuta kanzu.
Kichwa kinauma. Mwezi uliopita nilishuka stesheni ya Kahe kuchukua majora ya kitambaa cha kaki. Mbu wa kule walinila wakashiba.

Alhamisi, 13 Juni
Homa. Sindano haishikiki.

Jumapili, 16 Juni
Mganga wa boma amenipa kwinini. Uchungu wake unakaa mdomoni hata baada ya uji. Nasieku ananifunika, ananifunua, ananifunika. Namwona midomo ikicheza. Anaimba au anaomba, sijui.

Jumatano, 19 Juni
Homa imeshuka. Masikio yanavuma, kama kuna nyenje elfu ndani ya kichwa. Nimewaambia watu waseme kwa sauti. Wanasema walikuwa wakipiga kelele.

Ijumaa, 21 Juni
Leo hata nyenje wamenyamaza. Sisikii kitu. Nimejikokota mpaka boma. Mganga amenisemesha huku akionyesha kwa mikono, nikasoma midomo yake: dawa hii humfanya mtu hivyo, kwa wengi kusikia hurudi. Nikamuuliza, "Na kwa wengine?" Akageuka kupanga chupa zake.
Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa sana.

Jumamosi, 22 Juni
Nimekwenda kuitazama bendi. Mashavu yanavimba, mikono inapanda na kushuka, vumbi linaruka miguuni. Kimya. Nilimtazama yule wa tarumbeta la mwisho kwa hamu. Apige vibaya awezavyo, nimsikie tu. Hakuna.
Cherehani nayo imekuwa adui. Miaka yote nimeshona kwa sikio: uzi ukikaribia kukatika, mashine hubadili sauti. Sasa unakatika nami nakanyaga tu. Nimeharibu koti zima.

Jumanne, 25 Juni
Niandike kama ilivyokuwa.
Nasieku alikwenda mtoni. Aliniachia Salima, amelala kwenye mkeka. Nikaanza kushona nikiwa nimeupa mkeka mgongo, kwa sababu mwanga unatoka mlangoni. Akaamka. Akatambaa mpaka kwenye pasi. Ina makaa. Akaishika.
Mtoto amelia nyuma ya mgongo wangu, nami nashona. Sijui amelia kwa muda gani. Mhindi ndiye aliyesikia kutoka dukani kwake. Alinipita mbio, na nilipogeuka nikamwona amembeba, mdomo wa mwanangu wazi, uso umelowa, na sauti hakuna. Kiganja chote malengelenge.
Ningepigwa viboko ningeona afadhali.

Jumatano, 26 Juni
Nilimwambia Nasieku amchukue mtoto waende kwa baba yake, Sekei, mpaka nipone. Kama sitapona, wabaki huko. Sikujua nasema kwa sauti kubwa kiasi gani. Watu wa njiani waligeuka.
Alitikisa kichwa. Nikasema tena. Akamfunga Salima mgongoni, akaja mbele yangu, akaushika mkono wangu na kuuweka chini ya koo lake, penye mfupa. Kisha nikahisi. Mngurumo. Unaanzia kifuani, unapanda, unazunguka, unarudi palepale. Ule wimbo. Ulipita kiganjani mpaka kwenye kiwiko.
Miaka miwili nimeishi na nyimbo hizi nikiuliza ngoma iko wapi.
Nimelia mbele yake. Hakuutoa mkono wangu mpaka wimbo ulipokwisha.

Jumapili, 30 Juni
Hakuna mabadiliko. Pasi sasa inakaa juu ya kabati. Nashona nikitazama ndani, mgongo mlangoni. Mwanga haba, mishono inapinda. Kila jioni naomba mkono wangu uwekwe pale. Nimeanza kuzitofautisha nyimbo zake: wa ndama, wa mvua, na mmoja mfupi ambao humchekesha Salima.

Jumapili, 7 Julai
Sikio la kulia! Asubuhi, nikinywa uji. Kitu kiligonga, mbali, kama kimefungwa ndani ya pamba. Kikagonga tena. Nikageuka. Salima amekaa na sufuria, anaipiga kwa kijiko kwa mkono wake mzima. Hana mdundo hata kidogo. Ni muziki mbaya kuliko wote niliosikia tangu nizaliwe. Nikamwambia Nasieku asimnyang'anye. Amepiga mpaka amechoka.

Ijumaa, 12 Julai
Sikio la kulia linafunguka siku hadi siku. La kushoto limekufa. Mganga amelichungulia, akanishika bega. Nimeelewa.
Mhindi amenifungulia santuri, akasogeza kiti changu karibu. Sauti ya yule mwanamke imepungua utamu wa juu, au ni mimi niliyepungua. Nimemshukuru kwa santuri. Kwa lile jingine, la mtoto, nilijaribu kumshukuru nikashindwa kumaliza. Akaweka sahani nyingine kwenye santuri.

Jumatano, 17 Julai
Ukungu mpaka adhuhuri. Nimemaliza makoti mawili. Kiganja cha Salima kimepona, ngozi mpya ni laini na nyekundu kidogo.
Leo nimetambua jambo. Nasieku amehamisha kigoda chake. Siku zote hukaa kushoto kwangu, penye mwanga. Sasa yuko kulia, penye giza, anachambua maharage kwa kuyapapasa. Sijui ni tangu lini. Sikumwomba, naye hakusema. Anamwambia mtoto jambo fulani kwa sauti ya chini, kwa lugha yao. Nasikia.