Nilimdanganya Mama Kwamba Amezaliwa

Mpendwa Shangazi Felicitas,

Naomba unisaidie na ukiweza unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu siku hiyo mama yangu anatoka Kiambere kuja Embu kumwona mtoto wangu mdogo akivaa joho la kumaliza chekechea, na mtoto anayekuja kumwona hayupo, yaani yupo, ni mzima na anakula vizuri, lakini jina ambalo mama anakuja kulisikia hana, na mimi ndiye niliyeyafanya haya yote na sijui nitatokea wapi.

Mimi ni Mmbeere na nimeolewa hapa Majimbo na mwanamume Mwislamu, Saad, ana bucha, ni mtu mpole na sina lawama naye. Mama hakutaka ndoa hiyo. Siku niliyomwambia aliinuka bila neno, akaingia jikoni kwake akafunga mlango, mimi nikabaki nje na kuku, na kwa miaka minne hakuniongelesha, nikipiga simu anampa dada yangu Alice aseme mama yuko shambani, na mimi namsikia akikohoa hapo karibu. Msichana wangu wa kwanza, Nadhira, alizaliwa katika miaka hiyo, akaitwa jina la mama mkwe wangu, na hata kwetu ni hivyo hivyo, wa kwanza ni wa upande wa baba. Mama hakuja kumwona.

Sasa wa pili, kwa desturi yetu, anaitwa jina la mama yake mama. Hilo hatujadiliani, Shangazi, ni kama kuuliza kama jua litatoka. Saad mwenyewe alilijua na aliniuliza pale wodini, "Huyu ni wa kwenu, tumwite nani?" Mama anaitwa Ciakuthii. Jina lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa na uchungu, na sio ule wa kushonwa, nikamwangalia mtoto nikajiambia mtu ambaye hajawahi kumshika wa kwanza nitampaje wa pili, nikasema, "Chagua wewe." Saad akachagua Shamima na likaandikwa hivyo.

Wiki ya tatu namba ya mama ikaita, safari hii yeye mwenyewe. Hakunisalimia. Aliuliza vile wanawake wa kwetu huuliza wakitaka kujua kama mtoto amepewa jina lao, "Nimesikia una msichana. Nimezaliwa?" Sauti ilikuwa inatetemeka na mimi sikuwa nimeisikia tangu ule mlango ufungwe. Ningesema nini? Nilisema, "Ndiyo Mama, umezaliwa." Akalia, nikalia, na kutoka siku hiyo nikapata mama tena, ananitumia ndengu na unga wa wimbi, ananiuliza kama nimekula, na kila akipiga simu anasema kwanza, "Hebu nipe mimi mdogo niongee naye."

Tangu hapo watoto wangu wanaishi na sheria moja, kwamba tukiwa Kiambere huyu mdogo ni Ciakuthii, tukiwa Majimbo ni Shamima. Saad akisikia Ciakuthii kwenye simu anafikiri ni jina la kubembeleza tu. Na hapo ndipo shida iko, Shangazi, kwa sababu huyu mdogo hajui kuficha neno. Shangazi ya Saad alikuja kututembelea, hajakunywa hata nusu kikombe, Shamima akamwambia, "Si ni wewe Mama akikuona kwa geti anasema 'Yarabi, leo tena'?" Siku nyingine alikuwa buchani na baba yake, mteja akauliza kama nyama ni laini, yeye akajibu, "Hapana, hata sisi jana ilitushinda." Mama aliposema atamletea mbuzi wa zawadi, mtoto alimwambia nyanya yake kwenye simu, "Cucu, usimlete kwa Baba. Kwa Baba hakuna mbuzi hubaki." Watu wanacheka na mimi nacheka nao, lakini najua mdomo huo iko siku utanimaliza.

Na wa kwanza ndiye ananihuzunisha zaidi. Nadhira ana miaka tisa, anaelewa, na tukianza kupanga nguo za kwenda Kiambere anaanza kushika tumbo. Nilimpa dawa ya minyoo mara mbili. Juzi akaniambia, "Mama, mimi nitanyamaza, lakini nikinyamaza inauma hapa." Shamima naye aliniuliza swali tukiwa Kiritiri, tumeshuka kununua maji, akanivuta leso mbele ya watu, "Mama, kwa cucu mimi ni Ciakuthii na kwetu ni Shamima, sasa hapa katikati mimi ni nani?" Nilimnunulia mandazi ili anyamaze.

Mwezi wa nane tulipokuwa huko likizo niliponea kidogo tu. Mama alikuwa amempakata mtoto anammenyea yai, akamuuliza, "Mwalimu akikuita shuleni anakuitaje?" na Shamima akasema, "Mama amenikataza kusema." Lakini mama alicheka tu, akasema mtoto akikatazwa asiseme basi asiseme, akampa lile yai, na mambo yakaisha hapo, nikamshukuru Mungu.

Kisha shule zilipofunguliwa akanipigia simu akasema, "Hiyo siku ya joho nitakuja. Nataka kusikia nikiitwa." Nilimwambia ni mbali, akasema hajauliza kama ni mbali. Alice alitaka kumsindikiza, akamkataza, anataka kuja peke yake, mwanamke wa miaka sabini na mbuzi wake. Alice ananiambia amenunua viatu vipya na kwamba atapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mtoto akiitwa. Sasa mwalimu atasimama na kipaza sauti aseme "Shamima Saad", na mama atakuwa amekaa hapo na viatu vyake anangoja.

Nimefikiria kumwambia sherehe imeahirishwa. Nimefikiria kusema Shamima ni la dini na lile lingine ni la nyumbani. Nilienda kwa mwalimu, anaitwa Ciku, nikamwomba siku hiyo asome Ciakuthii, akaniangalia akasema, "Mama Nadhira, programu imeshaprintiwa, na hilo jina ni la nani?" Nikaaga nikarudi nyumbani. Saad hajui lolote. Silali vizuri, nikisikia simu nashtuka, na ninaogopa kitu kimoja tu, kwamba mama atasikia, atainuka bila neno kama siku ile, na sasa umri umeenda, miaka mingine minne sijui kama anayo.

Shangazi, nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu, na haya ya wengine uyabadilishe.

Mama wa Wawili,
Majimbo, Embu.

*

Shangazi Felicitas anajibu:

Mama wa Wawili, pole sana. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba, ingawa kwa kazi ya kubadilisha majina naona wewe hukuhitaji msaada wangu.

Kwanza, mtoto wako Nadhira hana minyoo. Acha kumpa dawa. Huyo msichana amebeba uongo wako tangu akiwa mdogo, na wewe unamshukuru kwa kumpa kazi nyingine ya kunyamaza. Nimekasirika kidogo hapa, nisamehe, lakini nina wajukuu. Leo ukimaliza kusoma gazeti hili muite, mkae, umwambie, "Nilimdanganya cucu. Kosa ni langu, si lako, na sasa unaweza kusema lolote kwa mtu yeyote." Utaona hilo tumbo litakavyopona.

Pili, Saad. Alikuuliza pale wodini, tena kwa heshima ya desturi ambayo si yake, nawe ukamwambia achague. Mtu wa namna hiyo unamficha nini? Mngoje atoke buchani aje kula chakula cha mchana, mpe chakula, ashibe, kisha umwambie yote. Na usithubutu kumfanya yeye ndiye aliyekataa jina, wala mama mkwe, wala dini. Nimeona ulivyotaka kuliita jina Shamima "la dini". Hiyo ni njia ya kumtupia mume wako kosa lako mbele ya mama ambaye tayari hakumtaka. Mama yako akiamini hilo, basi utakuwa umemnyima mkwe wake milele.

Kwa mwalimu Ciku usirudi tena. Mwache asome programu yake.

Sasa tufike kwa mama. Dada yangu, chukua nakala ya barua yako uisome pole pole kama ni ya mtu mwingine. Mama anamuuliza mtoto shuleni anaitwa nani. Kama ana hakika mtoto ni yeye, anauliza hilo la nini? Mtoto anajibu amekatazwa kusema. Mama anacheka na kumpa yai. Wiki chache baadaye anakupigia akisema anataka kusikia akiitwa, na anamkataza hata Alice asimsindikize, ili likitokea la kutokea asiwepo wa kwao wa kushuhudia. Wewe umeona hapo kikongwe anayekuja kupiga ngemi. Mimi naona mama anayejua, au anayeshuku sana, ambaye amekupa tarehe na sasa anangoja kuona kama utamwambia mwenyewe.

Huenda nimekosea. Mimi niko huku mezani na barua yako, simjui mama huyo. Lakini hata kama nimekosea, ushauri haubadiliki. Usikubali mama wa miaka sabini asikie jambo hili kwenye kipaza sauti, kati ya wazazi wa watu, mkononi ameshika kamba ya mbuzi.

Unayo Jumamosi moja kabla ya ile. Itumie. Nenda Kiambere, usipige simu wala kumtuma Alice. Nenda na wasichana wote wawili, maana hili limekuwa lao pia, na mdomo wa Shamima utakusaidia pale utakapotaka kurudi nyuma. Usiende kwanza ofisi ya usajili kuongeza jina kwenye cheti ili ufike na karatasi mkononi. Cheti kinaweza kuongezwa jina, ndiyo, na Saad sidhani atakataa, lakini hilo ni la baadaye, na ni la mama yako kuamua. Ulipotaka kumnyima mama hilo jina ulimnyima, ukataka kulitumia ukalitumia, bila kumuuliza mwenyewe hata mara moja. Safari hii muulize.

Mkishuka Kiritiri kununua maji, najua huyo mdogo atauliza tena yeye ni nani. Usimnunulie mandazi. Mwambie yeye ni Shamima, huko mnakotoka na huko mnakokwenda, na kwamba mnaenda kumuuliza cucu kama atakubali kumpa jina lake pia. Hilo mtoto wa umri wake anaelewa vizuri kabisa, pengine kuliko wewe.

Mkifika, usingoje chai wala maswali ya safari. Sema kwa Kimbeere, lugha ambayo alikuuliza nayo: "Mama, siku ile uliponiuliza kama umezaliwa, hukuwa umezaliwa. Nilikuwa nimekukasirikia." Usiongeze kitu. Usieleze kuhusu wodi, na ukiweza usilie kabla yake, maana ukilia itabidi akubembeleze na wewe ndiye umemkosea.

Najua unachoogopa. Anaweza kuinuka bila neno aende jikoni kama siku ile. Basi inuka pia, umfuate, na akifunga mlango hakikisha wewe uko ndani.