Kofia Uliyoisahau Mtoni

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Huku mabega bado yananiuma tangu ile safari ya mtoni ya kazini kwetu, ulipokuja kututembelea. Mpishi wa kantini anachekwa mpaka leo kwa kupindua mtumbwi mahali ambapo maji yalimfika magotini.

Wewe ulisema hujawahi kushika kasia maishani, ndiyo maana shemeji yako akajitolea kupanda nawe kayaki ya watu wawili. Sisi wengine tulishinda tukigombana, “Kushoto! Nimesema kushoto!”, huku tukiparamia matete. Nyinyi makasia yenu yaliingia majini kwa pamoja tangu mwanzo. Kila penye kona alibadilisha upande, nawe ukabadilisha bila kugeuka wala kuambiwa.

Nilikuwa nyuma yenu mchana kutwa. Ndipo nikakumbuka zile safari zake za kikazi za huko kwenu, ambako nako kuna mto.

Nilikula mkate wangu, nikacheka na wenzangu.

Kofia yako uliisahau kwenye kayaki. Nimeifua, na shemeji yako anakuletea mwenyewe. Lile begi kubwa atakalokuja nalo ni la nguo zake zote. Nimempangia mimi, na sikusahau hata soksi.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja.