Mfuko wa Shemeji Ussi

Jumatatu, 2 Aprili 2007

Bismillahi. Leo nimeanza kozi.

Skuli zimefungwa, kwa hiyo kazini jikoni, kupikia watoto, siendi, na binti yangu Raisa amelala mpaka jua limepanda. Alipoamka akanifungulia kompyuta, akanionyesha pa kubonyeza, akarudi kitandani. Binti wa miaka kumi na sita, usingizi kama mtoto mchanga.

Nilitaka kozi ya ushoni. Imejaa. Yule dada wa kituo cha akina mama akasema iliyobaki ni ya serikali na siasa, ya chuo, bure, unasoma nyumbani na kompyuta wanakuazima. Nikasema haya. Marehemu Ishaka angecheka mpaka akohoe. Mkewe, kidato cha pili na madrasa, anasoma siasa.

Mwalimu anaitwa Balwinder. Picha yake ndogo kama stempu, ana miwani. Ametaka kila mtu aseme kwa nini amekuja. Niliandika napenda kujifunza. Nikafuta. Nikaandika tena hivyo hivyo.

Hapa naweza kusema. Siasa ilimvunja Ishaka mkono kule Wete, ikatutoa kwetu Pemba, ikatuleta Balsall Heath, Birmingham. Na mpaka leo sijui hasa ni kitu gani.

Alhamisi, 5 Aprili

Somo la kwanza. Kichwa kinauma.

Kuna serikali kuu, London. Kuna baraza la jiji, hapa. Diwani si mbunge. Taka zisipozolewa, diwani. Daktari akichelewa, si diwani — ila si mbunge pia, ni watu wengine kabisa, na hao hawapigiwi kura. Waskoti wana bunge lao. Wawelsh wana lao, dogo kidogo. Waingereza ndio wengi kuliko wote, na wao peke yao hawana. Nimesoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari.

Na meya. Ana mkufu wa dhahabu mpaka tumboni, anafungua sherehe, amri hana. Sasa ule mkufu ni wa nini? Nimemuuliza Raisa. Akasema kwa Kiingereza chake, bila kuinua macho kwenye simu, kwamba ni wa kupigia picha.

Jumatano, 11 Aprili

Hibo wa nyumba ya pili amekuja kuomba iliki. Nikamsomea niliyojifunza leo, maana yanamhusu. Kazaliwa Garissa, kakulia Eastleigh, kapitia Uholanzi, na paspoti yake ni ya Kiholanzi. Kwa paspoti hiyo anaruhusiwa kura ya diwani. Ya mbunge, hapana. Mimi na paspoti yangu ya Tanzania naruhusiwa zote mbili, kwa sababu ya Jumuiya ya Madola.

Akaweka iliki chini. "Yaani mimi ni nusu mtu?"

"Robo tatu," nikamwambia.

"Na ningebaki tu na ile ya Kenya?"

"Ungekuwa mzima."

"Walahi! Miaka saba nilifundishwa Kiholanzi na baridi ile, kumbe nilikuwa napunguzwa."

Tumecheka mpaka Raisa akatoka chumbani kutazama. Dadake Hibo, Nafiso, anakaa Shard End, upande wa pili wa jiji, naye ni robo tatu vile vile.

Jumamosi, 14 Aprili

Leo nina furaha. Kazi ya pili imekuja, na hii naijua! Swali: eleza jinsi watu wa mtaa wako wanavyoshiriki uchaguzi. Mwezi ujao tarehe tatu ni uchaguzi wa madiwani, ndiyo maana.

Nimeandika habari za shemeji Ussi. Nimeandika kwa moyo. Kwamba yeye ni kaka wa marehemu mume wangu. Kwamba kwetu watu walitoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya kura, na wengine hawakurudi kama walivyotoka. Kwamba tulipofika Birmingham aliapa hakuna mwanamke wa jamaa yetu atakayesimama foleni tena maishani mwake. Akatuandikisha sote, wajane, akina mama wasiojua Kiingereza, mpaka majirani wa Kisomali, tupate kura kwa posta. Bahasha zikija anapita nyumba kwa nyumba na mfuko wake wa kijani, ule wa kubebea juzuu za madrasa. Tunatia sahihi, tunampa. Yeye nyumbani kwake anatia alama, anafunga, anapeleka posta. Hapotei mtu. Haumii mtu. Nikamalizia kwamba nadhani mitaa mingine ingefaa iige.

Raisa alikuwa mjini na wenziwe. Nimebonyeza mwenyewe, bila msaada. Ikaenda. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 16 Aprili

Kazini tena. Watoto wamerudi na kelele mara mbili ya walizoondoka nazo.

Jioni nilifungua ukurasa wa darasa, ambapo kila mwanafunzi anasoma kazi za wenziwe, kuangalia nani kanijibu. Mmoja tu, Kewal, mzee aliyekuwa dereva wa basi, tuko naye darasani. Hakusema nzuri wala mbaya. Aliuliza: sasa nani anachagua alama iende wapi? Nikamjibu: Ussi, kwa mashauriano na wazee wenzake baada ya sala. Huwa wanamchagua yule aliyetusaidia kupata ukumbi wa madrasa.

Nimesali Isha, nimerudi kuangalia. Kazi yangu haipo. Na jibu la Kewal halipo. Pengine nimebonyeza vibaya.

Jumanne, 17 Aprili

Sikubonyeza vibaya.

Balwinder ameniandikia barua pepe, kwangu peke yangu. Ni mpole, na kwa upole wake nimeogopa zaidi. Anasema ameiondoa kazi yangu kwa usalama wangu. Kura ni ya mtu na nafsi yake. Kumtilia mwingine alama, hata kwa nia njema, hata akikupa kwa mkono wake, ni kosa la jinai. Watu wamefungwa. Yeye hanituhumu. Anaomba nimwambie tu: je, nimeeleza vibaya kwa sababu ya lugha? Au ndivyo inavyofanyika? Kama ndivyo, itabidi awaambie wakubwa wa chuo, na baada ya hapo haliko tena mikononi mwake. Atanipigia Jumamosi alasiri.

Nikajiambia, angalau sikutaja jina. Nikaitafuta nakala ya kazi yangu.

Nimelitaja. Mara mbili. Na la baba yake.

Jumatano, 18 Aprili

Mchuzi umeungua. Raisa kala mkate na jibini.

Ijumaa, 20 Aprili

Bahasha ya kura imefika leo, yangu; za wenzangu zimefika tangu juzi. Nyeupe, nene. Mwaka huu wameongeza: pamoja na sahihi, utie na tarehe ya kuzaliwa. Nimeiweka juu ya kabati karibu na msala wa kusalia.

Nawaza hivi, halafu nawaza vile. Balwinder amenifungulia mlango mwenyewe. Niseme tu Kiingereza changu kibovu, nilikusudia Ussi anatubebea bahasha mpaka posta. Basi. Nani atashangaa kwamba Kiingereza changu kibovu? Lakini ni uongo, na nitausema mchana kweupe baada ya sala. Na tumefundishwa kumsitiri mwenzio, atakayemsitiri naye atasitiriwa. Na tumefundishwa pia tusifiche ushahidi. Yote mawili nimefundishwa na mwalimu mmoja, kwenye jamvi moja. Hakutuambia siku yakigongana ufanyeje.

Nikamuuliza Raisa kwa mbali, kana kwamba ni swali la kozi: mtu akijaziwa kura na ndugu yake, vipi?

Akasema ni haramu ya serikali, Mama, kila mtu anajua.

Kila mtu. Mimi sikujua. Ussi hajui. Akina mama wote hawajui. Kila mtu ni nani?

Nilitaka kumwambia: aliyemuosha baba yako ni huyo. Aliyesimama na madaktari, aliyetafuta kaburi lielekee kibla, aliyekulipia sare ya skuli mwaka ule mimi nilipokaa eda. Nimekunja nguo.

Jumamosi, 21 Aprili

Naandika mapema, simu haijaja.

Asubuhi mlango ukagongwa na nikajua mgongaji. Shemeji hugonga kwa fimbo siku hizi, goti limemzidi. Kaingia na mfuko wa kijani umevimba, kaketi kwenye kiti cha Ishaka. Nimempa chai na mkate wa kumimina.

"Haya, Mwanamkasi, msomi wetu," akasema. "Siasa imefika wapi?"

"Imefika kwenye meya, shemeji. Hana kazi."

"Hilo ningekwambia bure."

Nikakaa. Nikasema, shemeji, kuna jambo nimelisoma. Kura ni siri ya mtu. Hapa sheria haitaki mwingine akutilie alama, hata ndugu.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alikoroga chai ambayo hakutia sukari.

"Siri kwa nani? Siri kwa askari, ndiyo. Siri kwa mwizi. Mimi na nyinyi tuna siri gani?"

"Wanafunga watu, shemeji."

"Kule walifunga waliosimama foleni. Hapa wanafunga waliokaa nyumbani." Akacheka kidogo, kicheko cha Ishaka kabisa, cha puani. "Ishaka aliporudi na mkono unaning'inia, ile sheria ilikuwa imekwenda wapi? Alifuata kila mstari. Alikuwa na kitambulisho mfukoni."

Nikamkatia kipande kingine cha mkate.

Pale ndipo nilipotaka kumwambia kwamba nimemuandika. Nilifungua mdomo. Akaniwahi.

"Hata hivyo mwaka huu si mimi. Jumatatu naingia hospitali, wananifungua goti. Na haya mambo ya tarehe za kuzaliwa, herufi ndogo hizi, miwani yangu haizioni. Nimewaambia akina mama wote: kazi sasa ni ya Mwanamkasi. Yeye kasoma. Wamefurahi, hujui walivyofurahi. Bi Safiyo kasema ingefaa tangu zamani iwe kwa mwanamke."

Akausukuma mfuko kwa fimbo mpaka miguuni pangu.

"Ni amana," akasema. "Mtu wetu ni yule yule wa ukumbi. Lakini ukiona mwingine anafaa zaidi, wewe ndiye unayejua siku hizi."

Akamaliza chai. Akaniombea dua. Mlangoni akageuka akasema mkate umekosa iliki.

Nimeufungua mfuko. Bahasha zimetiwa sahihi, na tarehe za kuzaliwa, nyingine kwa mkono unaotetemeka. Karatasi za kura tupu. Wametia sahihi wakanywa chai yao wakalala. Wanajua ziko kwangu.

Nikasali Adhuhuri. Nikaomba nionyeshwe. Nilipotoa salamu nikapata wazo na nikafurahi nalo: nizirudishe. Kila bahasha kwa mwenyewe. Nikae naye, nimsomee majina, atie alama kwa mkono wake mimi nikitazama dirishani. Hapo Balwinder nitamwambia kweli: zamani ilikuwa hivyo, sasa si hivyo. Na Ussi hatakuwa na kosa jipya. La zamani sijui. Lakini angalau nitakuwa na kitu cha kusema.

Nikatia mtandio, nikaanza na aliye karibu. Hibo alikuwa anakaanga sambusa. Nikampa bahasha yake, nikamweleza yote, pole pole, kama nilivyosomeshwa. Siri. Nafsi yako. Mkono wako.

Alisikiliza vizuri. Akafuta mafuta mkononi.

"Sasa abaayo, dada yangu, hawa watu mimi nawajua?"

"Nitakusomea. Kuna wanne."

Nikasoma. Akatikisa kichwa kila jina.

"Wewe unawajua?"

"Siwajui pia."

"Lakini uko na kozi."

"Kozi haisemi nani mzuri, Hibo. Inasema diwani anazoa taka."

"Basi weka tick kwa wa taka." Akairudisha bahasha mfukoni mwangu na kugeuza sambusa. Nikaitoa. Akanishika mkono, akawa hana mzaha tena. "Skiza. Nimehama nchi tatu. Kila nchi kuna mtu na karatasi ananiambia amua. Mimi niko na mtu mmoja nyumba ya pili naamini. Si hiyo ndiyo nimeamua? Hiyo si kura?"

Nilisimama pale na harufu ya mafuta. Nikatafuta kichwani ukurasa unaojibu hilo. Kama upo hatujaufikia.

Halafu akaenda kwenye droo, akatoa bahasha nyingine. Ya Nafiso. Kaileta jana kutoka Shard End, mabasi mawili, aliposikia safari hii zinakuja kwangu. Mwaka jana alimkatalia Ussi, akasema hampi mwanamume kura yake. Mimi kanipa.

Kwa hiyo nilitoka kurudisha, nimerudi na moja zaidi.

Mfuko uko hapa mezani karibu na kompyuta. Raisa kauliza ni nini hizo. Nimemwambia ni amana. Kavuta moja, kaigeuza, kasoma jina lisilo langu, kairudisha taratibu kama inachoma. Hakusema kila mtu anajua. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili, ambacho haniongeleshi: "Utafanya nini, Mama?"

Nilitaka kumuuliza yeye.

Simu inaita sebuleni. Raisa kapokea. Anasema ndiyo, yupo, subiri. Kaziba simu kwa kiganja: ni mwalimu wako.

Nimeuweka mfuko chini ya meza. Nimeutoa tena nikauweka juu.

Naja, nimesema. Naja.