Pomboo Aliowaona Njeri

Alhamisi, 5 Februari
Shifti ya asubuhi kiwandani. Mananasi tena, mikono inawasha. Tukinywa chai Njeri akaniambia safari yetu ya Jumamosi, kisiwani Wasini, imeahirishwa hadi Pasaka. Injini ya boti imekufa. Tumeingoja tangu mwaka jana, mimi na yeye: siku nzima baharini, pomboo, kasa, ndege wa visiwani. Nikaenda ofisini kurudisha likizo ya siku hiyo. Mercy, karani wetu, akaipokea bila kuniangalia.

Njeri ameazima darubini yangu. Anaenda kwao Kalimoni, kuna ndege ameona shambani. Nikampa na kitambaa cha kufutia.

Jumamosi, 7 Februari
Kazini. Njeri hapatikani kwa simu. Huko kwao network ni ya kubahatisha.

Jumapili, 8 Februari
Baada ya kanisa nikapita kwa Mama, Mwihoko. Ameshika simu, anatabasamu. "Kwani wewe hukuenda na Njeri?"

Status ya WhatsApp. Njeri ndani ya boti, darubini yangu shingoni. Nyuma yake, mgongo wa pomboo. Kando yake, mahali pangu, Mercy. Mercy ndiye hupeleka majina ya vibarua kama sisi wanaoajiriwa kabisa. Kumbe.

Kwa simu yangu status hiyo haipo. Alinificha mimi, akamsahau Mama.

Nimesalitiwa. Angeniambia ukweli ningenuna siku mbili, yaishe. Alinidanganya nikimtazama, kisha akaomba darubini.

Jumanne, 10 Februari
Njeri ameirudisha darubini. "Huko kwetu shags hakukuwa na kitu, aki." Lenzi zina chumvi.

Nikamwambia kuwa Mama aliona status. Akainamisha kichwa. "Si ati nakuchukia, Ciku. Nilikuwa nataka tu jina yangu iende."

Nimekula peke yangu karibu na geti.

Ijumaa, 13 Februari
Bado nina hasira. Sitaki kuandika.

Jumapili, 15 Februari
Njeri alikuja kwa Mama na mkate na maziwa. Akaomba msamaha. Mama akajibu kwa niaba yangu kwamba yameisha. Hayajaisha.

Kisha Mama akataka kusikia habari za wale samaki wakubwa. Njeri akaniangalia kwanza, ndipo akaanza. Pomboo wawili walikuja kando ya boti, mama na mtoto wake, wakaenda nayo muda mrefu. Anajua kusimulia, siku zote.

Nilitaka kumuuliza kama pumzi yao husikika wakiibuka. Nikakusanya vikombe, nikaenda kuviosha.